Viatu vya Kuteremkia

Mama yangu anauza viatu vya mitumba pale Dagoretti Corner, na kabla hujaanza kunihurumia, jua kwamba hakuna mtu darasani aliyevaa viatu vizuri kunishinda. Belo, lile furushi la mitumba, likifunguliwa, vile viatu ambavyo ni kama havijawahi kukanyaga chini huitwa kamera. Vilivyochoka, vyenye soli iliyofunua mdomo, ni fagia. Mama hutenganisha kamera na fagia kwa mkono tu, macho yakiwa kwa mteja. Anainua kiatu, anasikia uzito wake, anakikunja, anakinusa ndani kama mtu anayekagua maziwa ya jana, amemaliza. Sijawahi kumwona akikosea. Hilo ndilo linaloniuma, maana nilisimama mbele ya watu nikasema amekosea.

Nilikuwa kidato cha pili, shule yetu iko upande wa Mountain View. Kila Agosti mwalimu wa jiografia aliwapeleka wanafunzi kumi na wawili Mlima Kenya, hadi kilele cha Lenana. Kukipambazuka bila mawingu, mlima wenyewe ulionekana kutoka dirisha la ghorofa ya tatu, mdogo kama jino. Niliutaka. Sikumwambia mtu, kwa sababu mimi ndiye mchekeshaji wa darasa, na mchekeshaji akisema jambo la kweli watu hungoja sehemu ya kucheka. Nilijiandikisha kimya kimya, nikakimbia mbio zote za majaribio nikitapika uani kwa mwalimu mkuu, na mwisho jina langu likatoka. La kumi na mbili. La mwisho kabisa, lakini ndani.

Mwalimu akatoa sharti moja. Siku ya kufunga shule angekagua viatu. Viwe vigumu, vifunike kifundo cha mguu, visiingize maji.

"Asiye navyo atabaki Nairobi na mama yake," akasema, na mimi nikacheka kuliko wote.

Jumamosi iliyofuata nilishuka tauni, katikati ya jiji, kuona viatu vya mlima vinafananaje. Kulikuwa na duka lenye kioo kipana, viatu vimepangwa juu ya mawe ya bandia. Vilikuwa vinene na vimekauka kama mbao. Nikatia pua mlangoni.

"Unataka nini, kijana?" askari wa mlango akauliza.

"Kununua."

"Nunua na macho. Ukiwa hapo hapo nje."

Nikanunua na macho. Nilirudi Dagoretti Corner nikiwa profesa wa viatu vya mlima: kikiwa kigumu ni chema, kikiwa kigumu zaidi ni chema zaidi.

Siku hiyo hiyo mama alikuwa amefungua belo, na ndani mlikuwa na vitu ambavyo kibanda chetu hakijawahi kuona. Jozi mbili za viatu vya plastiki, virefu hadi nusu ya muundi, vyenye vyuma vya kubana kama vya sanduku la bati. Jirani yetu, mama mmoja anayeuza sidiria, aliacha wateja wake akaja kuchungulia.

"Mama Viatu, leo umeletewa miguu ya roboti!"

"Ni ya watu wamevunjika mguu," mama akasema.

"Wamevunjika yote miwili?"

"Kwani ajali inachagua?"

Mimi nilikuwa nimeona picha ndogo ndani ya ulimi wa kiatu: mtu amechuchumaa juu ya mbao mbili, nyuma yake mlima mweupe. Nikapiga hesabu zangu. Hivi ni viatu vya theluji. Lenana kuna theluji. Manze, si Mungu yupo?

Nikamwambia mama. Hakuuliza maswali mengi. Alipangusa mikono kwenye leso, akaketi kwenye kigoda, akavichukua kimoja kimoja. Jozi ya kwanza ilikuwa nyeusi na nyekundu, ina vyuma vinne, inang'aa. Akaiinua, akaiweka chini. Ya pili ilikuwa ya kijivu, nyepesi, ina mikwaruzo, soli yake ni ya mpira wenye meno. Huko nyuma ya kisigino ilikuwa na kishikio kidogo. Mama alikiinua, na kile kiatu kikalegea kifundoni, kikawa kinaenda mbele na nyuma. Akakishusha, kikashika tena. Akarudia mara nyingi, kama mtoto aliyepata swichi ya taa.

"Hii," akasema. "Hii ndio inatembea."

"Mathe, hiyo imelegea! Ni fagia hiyo."

"Haijalegea. Inalegezwa. Si unaona?"

"Na hizi tundu?" Maana puani mwa kiatu, kila upande, kulikuwa na kitundu. "Misumari imetoka."

Yule mama wa sidiria akaniunga mkono. "Kweli, imetoka hiyo."

Mama akaingiza ncha ya ukucha katika kitundu. "Msumari ikitoka haiachi chuma huku ndani. Hii imewekwa na mwenyewe. Sijui ni ya nini, lakini ni ya kazi." Kisha akaichukua ile nyekundu, akajaribu kuikunja kwa mikono yote miwili hadi mishipa ya shingo ikamtoka. "Hii mtu atapanda nayo mlima aje? Jaribu kuchuchumaa nayo uone."

Sikujaribu. Nilikuwa nafikiria wasee wa mtaa wa Karen waliokuwa kwenye ile orodha, wanaoletwa shule kwa gari lenye tairi nne za kupanda matope na hawajawahi kukanyaga matope. Nilifikiria nikitokea mbele yao na vyuma vinne vinavyong'aa. Nikamwambia mama nimeona vya mlima tauni, yeye hajaviona, vya mlima huwa havikunjiki. Nikamwambia hii si ya kuvalia sokoni. Nadhani hilo ndilo lililomnyamazisha. Alinitazama, akasukuma ile nyekundu kwangu kwa mguu.

"Haya. Wewe ndio umesoma."

Ile ya kijivu haikukaa hata saa moja. Mzee mmoja mwenye kofia ya jua aliinua kile kishikio mara moja, akalipa, akaenda zake akipiga mluzi.

Siku ya kufunga shule wazazi walikuja kuchukua ripoti. Sisi wa mlima tulipangwa kwenye uwanja wa gwaride, viatu miguuni. Vyangu nilivivalia nyuma ya darasa, na hapo ndipo nilipoujua ukweli, lakini muda ulikuwa umekwisha. Vilinisukuma magoti mbele. Nilisimama kama mtu aliyetaka kuketi kwenye choo cha shimo akaghairi. Kila hatua ililia kwenye saruji kwa! kwa! kama farasi wa polisi. Penye ngazi tatu za kushukia uwanjani nilishuka kinyumenyume, nimeshika ukuta.

"Buda, umeletwa na NASA?" mmoja akauliza, na safu nzima ikaanguka kwa kicheko.

Mwalimu hakucheka. Alinitaka nitembee hadi mlingoti wa bendera na kurudi. Kisha akaniambia nichuchumae. Nilianguka kwa makalio.

"Hivi ni viatu vya skii," akasema, akikigonga kimoja kwa kalamu. "Wenyewe hupandishwa mlima na mashine, wameketi kama wako kwenye sofa. Kisha huteremka wakiteleza juu ya theluji. Hivi ni vya kuteremkia. Wewe nani atakupandisha?"

Kicheko. Akapapasa nyuma ya kisigino changu, akitafuta kitu. "Kuna aina nyingine, ya wale wanaopanda kwa miguu yao kwanza. Hiyo huwa na kishikio hapa, ukikiinua kifundo kinakunjika. Puani ina vitundu viwili vya chuma. Nimeiona kwa wageni kule juu. Ingekuwa hiyo, ningekuruhusu, tungejua mbele ya safari." Akainuka. "Nani alikuchagulia hivi?"

Najua kwamba nilikuwa na nafasi ya kusema neno moja. Mimi. Ni neno fupi. Lakini watu wote walikuwa wananitazama na meno tayari nje, na mimi nikiona meno huwa siwezi kujizuia.

"Ni mathe, mwalimu." Nikaitoa sauti yake, ile ya sokoni, na shingo nikaikaza vile anavyoikaza. "'Beba hii, mwanangu! Mlima si ni kupanda na kuanguka? Hii ni ya kuanguka!'"

Walicheka. Hata mwalimu alicheka safari hii. Halafu kicheko kikaanza kukatika kutoka mwisho wa safu, mtu mmoja mmoja, na nikaona wanatazama nyuma yangu.

Alikuwa amevaa ile sketi yake ya kanisani. Mkononi alikuwa na ripoti yangu na jozi mbili za soksi za sufu.

"Mama, karibu," mwalimu akasema. "Ni wewe uliyemchagulia kijana?"

Alinitazama kidogo. Si kwa hasira. Ningependa ingekuwa hasira.

"Ni mimi, mwalimu," akasema. "Nilikosea. Nipe hadi kesho, nitamtafutia ingine. Mimi niko kwa viatu, nitapata."

"Basi inaondoka kesho alfajiri, mama."

Akalikata jina langu pale pale. Aliyechukua nafasi alikuwa wa kumi na tatu, mvulana wa Karen, viatu vyake vingali na karatasi ndani. Mama akamfuata, akamnyooshea zile soksi. "Huko juu ni baridi."

"Asante, aunty, niko nazo."

Akazirudisha kwenye mkoba.

Tulitembea hadi barabarani, mimi nikiwa na roboti wangu kwenye gunia. Tukiwa karibu na Kangemi ndipo nilipouliza kwa nini hakusema ukweli.

"Niseme nini? Mwalimu ajue nimezaa mwongo?" Akahamisha mkoba begani. "Mlima umeukosa. Angalau wamecheka."

Hilo tu. Jioni alipika kama kawaida, akanipa kipande kikubwa cha nyama, na nilikila.

Wenzangu walirudi na midomo iliyobanduka na picha za Lenana, wote wameshikana mabega. Mwezi wa tisa shule ilipofunguliwa hawakuzungumza lingine, na mimi sikuwa na la kuchangia. Ikabidi nitafute langu. Mtu akasema, "Hebu fanya mathe wako, ile sauti yake." Nikamfanya.

Nimemfanya mara nyingi tangu hapo. Nimeongeza namna anavyopangusa mikono, nimeongeza anavyobishana na mama wa sidiria, na kila mara anachagua yeye, na kila mara anachagua vibaya. Sasa niko kidato cha nne, na kila siku ya burudani lazima jina langu liitwe. Juma lililopita niliitwa tena. Nilipanda jukwaani nikijiambia leo nitaisimulia vile ilivyokuwa. Nikafungua mdomo, nikawaona wameshaanza kutabasamu, na ikatoka sauti yake.

Walipiga meza hadi viongozi wa zamu wakaja.