Utani ni wa Wawili

Kuna siku moja, mwanangu, nikiikumbuka hata leo mate yananikauka mdomoni. Nilikuwa kidato cha tatu, hapa hapa Mpanda, katika mkondo wa uhandisi. Usinitazame hivyo. Mimi huyu unayenikuta Makanyagio nimeinamia cherehani, nikikupima ovaroli ya karakana, niliwahi kuvaa ovaroli kama hiyo, na ilinikaa vizuri kuliko itakavyokukaa wewe. Simama wima, nipime mabega, huku unanisikiliza.

Mkondo ule ulikuwa mpya shuleni kwetu. Sharti lake lilikuwa kwamba kila mwanafunzi abuni kitu na akitengeneze kwa mikono yake mwenyewe. Atakayebainika ametengenezewa, anaondolewa, anapelekwa kwa wanaosoma masomo ya sanaa. Sidharau sanaa, mwanangu, lakini chuo cha ufundi kilichukua watu wa mkondo ule tu, na mimi tangu utoto sikutaka kitu kingine. Msichana nilibaki peke yangu. Mwenzangu aliolewa kabla hata hatujajua kushika tupa.

Nikatengeneza mashine ya kupukuchua mahindi. Mama yangu alikuwa amepukuchua kwa mkono mpaka kidole gumba kikapinda, na hakikunyooka tena. Nikachukua mnyororo na pedeli za baiskeli mbovu ya baba, nikakata pipa, nikachomelea vipande vya nondo kwa ndani. Ukikanyaga pedeli pipa linazunguka, magunzi yanatokea huku, punje zinadondoka kule, na mikono yako yote miwili iko huru. Nimeibuni mimi, nimeichora mimi, nimeichomelea mimi mpaka macho yakavimba. Shabani alinishikia chuma kisicheze. Basi, hicho ndicho alichofanya.

Shabani huyo alikuwa rafiki yangu na mtani wangu. Yeye Mnyamwezi, baba yake ana duka sokoni, mimi Mfipa. Nyie watoto wa simu utani mnaujua juu juu tu. Kwetu mtani akikuita mchawi unamjibu ndiyo, na leo zamu yako kuliwa. Kukasirika ni aibu. Ukinuna umeshindwa, na watu watakucheka wewe, si yeye. Mimi na Shabani tulitaniana kuanzia mstarini asubuhi mpaka kengele ya mwisho, na siku tusipotaniana watu walituuliza nani anaumwa.

Mwalimu wa uhandisi alikuwa mgeni, kijana mdogo, ndio kwanza ameshuka kwenye treni. Kazaliwa mjini, kakulia mjini, na watani aliowajua yeye ni wale wa mpira. Hakuwa mtu mbaya, nisimsingizie. Siku ya kukagua kazi alipita meza hadi meza, akafika kwenye mashine yangu, akakanyaga pedeli, akaona punje zinavyomwagika. Akakanyaga tena. Kisha akauliza kazi hii ni ya nani.

Kabla sijafumbua mdomo, Shabani akadakia. "Mwalimu, tangu lini Mfipa akajua mashine? Hii nimetengeneza mimi. Huyu alikuwa ananikorogea uji."

Darasa zima likaangua kicheko. Na mimi nikacheka, mwanangu. Nilicheka mpaka nikashika meza. Mwalimu akanigeukia, akaniuliza kama ni kweli. Nami, kwa kuwa mtani hajibiwi kwa kununa, nikajibu kama nilivyolelewa. "Kweli tupu, Mwalimu. Fundi ni yeye, mimi ni wa uji."

Mzaha mzaha hutumbuka usaha. Mwalimu hakucheka. Alinitazama kidogo, akaenda meza ya pili, na sisi tukaendelea kucheka nyuma ya mgongo wake. Nadhani hakupata shida kuamini. Aliona msichana na mvulana wamesimama kwenye mashine moja, na mvulana ndiye aliyesema ni yake.

Jumatatu mstarini mkuu wa shule akamwita Shabani mbele, akampongeza kwa mashine ya kupukuchua, shule nzima ikapiga makofi. Nilidhani ataikana pale pale. Akainamisha kichwa kama mtu mnyenyekevu. Saa ya chai nikaitwa ofisini, nikaambiwa nikabidhi ovaroli na kuanzia siku ile nikakae na wa sanaa. Nilijua nikisema mwenyewe kwamba nilikuwa natania nitaonekana natafuta pa kutokea, na anayeweza kufuta neno ni yule aliyelianzisha.

Nikamfuata Shabani nyuma ya karakana, nikamwomba aende akalifute. Akasema kesho. Kesho yake akasema mwalimu kaamka vibaya, tungoje wiki ipite. Ngoja ngoja huumiza matumbo, mwanangu. Ikafika mahali akiniona anakata kona. Nilipombana mwisho akaniambia kwamba akikiri, ataonekana mwongo, ataondolewa na yeye, na baba yake alikwisha kuchinja mbuzi. Alizungumza akitazama chini. Nikamwacha aende, kwa sababu nilikuwa nimesikia kwa wakubwa kwamba mtani hashtakiwi, na mimi nikalimeza neno hilo kama lilivyo.

Nyumbani sikusema kitu. Niliondoka kila asubuhi na sare yangu, mama akidhani bado naenda karakana. Aliyenigundua ni shangazi yangu, dada yake baba, mwanamke wa Mwese, mkavu wa maneno. Alikuwa ameteremka na maharage ya kuuza. Alinitazama mikono tukichambua yale maharage, akauliza mbona vidole vya fundi vimekuwa laini. Nikalia, nikamweleza yote.

Nilitegemea anibembeleze. Hakunibembeleza. Aliweka ungo chini, akaniambia maneno ambayo nimeyabeba mpaka leo.

"Utani ni wa wawili, Yustina. Akisikia wa tatu asiyeujua, huo ni ushahidi. Na mtani hashtakiwi kwa matusi. Akikuchukulia kitu chako akaondoka nacho, huyo si mtani tena, ni mwizi anayechekesha."

Kisha akavaa viatu, akanishika mkono, tukaenda shuleni. Mwalimu alitupokea kwa heshima. Akamsikiliza shangazi mpaka mwisho, akasema, "Mama, nilimuuliza mwenyewe. Alinijibu kwa kinywa chake, tena anacheka." Shabani naye akaitwa. Akaulizwa mbele yetu, akasema hakumbuki vizuri nani alifanya nini, kwamba walisaidiana. Walisaidiana! Nafasi yangu alikwisha kupewa mwingine, na karatasi zangu za kujiandikisha mtihani zilikwisha kwenda wizarani na masomo ya sanaa. Maji yakimwagika hayazoleki. Tukarudi nyumbani, na shangazi hakunisema tena, na hilo liliniuma kuliko kusemwa.

Shabani akaenda chuo, akawa injinia, akawa mtu wa kusimamia miradi mikubwa na gari lenye dereva. Mimi nikajifunza cherehani. Watu huniambia nina mkono mzuri. Najua. Nilikuwa nao tangu zamani, na ulikuwa na kazi nyingine. Sitakudanganya kwamba moyo ulitulia, haukutulia. Kila nikisikia jina lake redioni nilikuwa nazima redio.

Sasa sikiliza hili, ndilo nililotaka ulijue. Mama alipofariki, Shabani alikuja msibani. Alikuja kama mtani, ndiyo haki yake, na wenyeji wakafurahi kwamba mtu mkubwa kiasi kile hajasahau mila. Tulipofika makaburini akapanda juu ya lile rundo la udongo na viatu vyake vya mjini, akazuia jeneza lisishuke. Watu wakaanza kucheka kabla hajasema, maana ndiyo kazi ya mtani, kupunguza kilio.

Akasema, "Jamani, nisikilizeni. Ile mashine iliyonifanya niitwe injinia, aliitengeneza Yustina, mtoto wa marehemu. Peke yake. Mimi nilishika chuma tu, nikamdhulumu."

Makaburi yalitikisika kwa kicheko. Wazee walijishika mbavu. Mmoja akasema Wanyamwezi hawa wana vituko, mwingine akapaza sauti kwamba tangu lini Mfipa akajua mashine. Akina mama walicheka huku wanafuta machozi. Shabani akasema tena, kwa sauti kubwa zaidi, "Nasema kweli!" Wakacheka zaidi, wakamshusha kwa kumvuta suruali, wakampa pesa kidogo, haki ya mtani, jeneza likashuka. Nilimwona usoni. Alikuwa analia, nao wakampongeza kwamba hata kulia anajua kuigiza.

Tulipokuwa tunanawa mikono alinijia pembeni. Akaniambia, "Nimesema, Yustina. Leo nimesema."

Nikamuuliza, "Umemwambia nani?"

Akageuka, akaenda kwenye gari lake. Na mimi sikumwita.

Ndiyo maana nakwambia, mwanangu, wewe unayekwenda kwenye nondo na vyuma. Taniana na watani wako, usiwe mtu wa kununa, dunia ya mtu asiyecheka ni nzito. Lakini mtani akikutania mbele ya mgeni, mbele ya mwalimu au bosi au askari, meza kicheko chako kwanza. Sema wazi: huyu ni mtani wangu, ananitania, kazi hii ni yangu. Ukishasema, cheka unavyotaka. Wakikuita mnunaji, waache wakuite. Na siku utakapokuwa wewe ndiye uliyetania na neno likaumiza, nenda ukalifute lingali bichi, mbele ya yule yule aliyelisikia. Usilibebe miaka ukaenda kulitua makaburini, mahali ambapo hata ukweli unapigiwa makofi kama mchezo.

Haya, geuka nikupime urefu. Mungu akujalie kinywa chepesi cha kudai kilicho chako na moyo mwepesi wa kurudisha kisicho chako. Mikono yako ipate kazi inayoipenda, na watakaokuja kuiona kazi hiyo wakuulize wewe, nawe uwajibu bila kucheka. Njoo Alhamisi uchukue ovaroli yako.