Mvua Niliyotumwa Kuangalia

Kicheko cha kaka yangu, mtoto wa mamkubwa, bado nakisikia: fyuu, fyuu, kama pampu ya baiskeli. Alikuwa amekalia ndoo uani, kwenye nyumba ya wageni ninayofanya usafi hapa Morogoro mjini, anasoma simu yangu.

"Hizi ripoti za mvua unamtumia nani?"

Nikamweleza. Kuna mgeni, mama mmoja Mzungu, mpole, anayependa kuniuliza habari za milima. Mimi nina ndoto ya kutembeza wageni Uluguru, basi nikajipa moyo nikamkaribisha Jumapili nyumbani kwa mama yangu kule juu, ale wali kwa kuku. Akaweka mkono kifuani, akasema anaomba "rain check". Reni naijua, ni mvua. Kucheki nako nani asiyekujua? Nikaona mama wa watu anaogopa utelezi. Nikamwambia asihangaike, nitamchekia mwenyewe.

Kuanzia hapo kila asubuhi, kabla ya kushika ufagio, nilitoka kuutazama mlima. Mawingu yakishuka hadi kiunoni, namwandikia: mvua. Kilele kikiwa wazi: hakuna mvua, madamu. Naye ananijibu kwa dole gumba.

"Hiyo 'rain check' maana yake siku nyingine," kaka akasema, anajifuta machozi. "Umekataliwa kistaarabu, mdogo wangu. Mvua haihusiki!"

"Siku nyingine ipi?"

"Ndiyo hiyo sasa. Haina tarehe."

Jamani! Mtu hataki kuja, mvua inaingiaje? Kama amechoka si aseme amechoka? Kwetu mvua si msemo tu. Ikinyesha, hata pikipiki haipandi. Na dole gumba lote lile lilikuwa la nini? Nilikasirika mpaka nikadeki chumba kimoja mara mbili. Kibaya zaidi, mama nilikuwa nimeshamwambia mgeni anakuja. Nilimpigia simu asichinje. Simu yake, kama kawaida, haipatikani.

Jumapili nikapanda peke yangu. Jua kali, hakuna hata wingu la kusingizia. Mama alikuwa ameazima sahani za maua kwa jirani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mgeni umemwacha nyuma?"

Njia nzima nilipanga kusema kweli. Nikaona amevaa kitenge chake cha Idi.

"Ameamka na homa, mama."

"Masikini! Mbu wa huko chini hao." Akapakia chakula kwenye hotipoti, juu kabisa akaweka firigisi. "Hii umpe mkononi mwake. Mwambie ya mgeni haiguswi na mwingine."

Nikaitikia. Nikashuka hadi kwenye kona ambapo nyumba yetu haionekani tena, nikakaa juu ya jiwe, nikafungua hotipoti, nikaila ile firigisi, taratibu, mpaka ikaisha.