Sampuli Aliyoikataa Rudia

Maabara nzima ilimwita Rudia, na jina hilo alijitakia mwenyewe. Kichupa kikija hakijajaa, au damu imeganda, hakuwa na cha kubembelezwa. "Rudia!" angesema, na nesi angegeuka na kichupa chake huku akisonya. Kwa miaka kumi na tisa hakuwahi kutoa jibu bovu, akalionea fahari jambo hilo kama wengine wanavyowaonea fahari watoto wao.

Asubuhi moja ikaletwa damu ya fundi cherehani aliyelazwa kwa uvimbe wa miguu. Mashine ikatoa potasiamu saba nukta tisa. Mtu mwenye kiwango hicho, moyo wake unaweza kusimama wakati wowote. Rudia akainua kichupa kwenye mwanga. Maji ya damu yalikuwa na wekundu kwa mbali, kama maji yaliyosuuziwa kitambaa. Chembe za damu zikipasuka wakati wa kuchota, potasiamu iliyomo ndani humwagika, ikaidanganya mashine. Hayo alishayaona mara mia. Akapiga simu wodini.

"Rudia. Damu imeharibika."

"Lakini dada, mgonjwa analalamika mwili hauna nguvu," nesi akasema.

"Ndiyo maana nataka safi. Fanya haraka."

Damu ya pili haikuja. Baada ya saa moja alikuja nesi mwenyewe, mikono mitupu. "Yule fundi ametutoka, dada."

Mkuu wa maabara alimfungulia kitabu cha utaratibu, ukurasa kwa ukurasa: hana kosa. Lakini utaratibu haukumkataza kuitaja ile namba. Neno moja tu kwa daktari, na mgonjwa angepimwa moyo palepale kitandani.

Tangu hapo fundi hakumwacha. Alimjia mchana kweupe, kazini. Kila kichupa chenye wekundu kilikuwa chake. Njiani, akisikia cherehani barazani kwa mtu, alijikuta akihesabu midundo. Cherehani ikinyamaza, naye husimama, pumzi kaibana, mpaka ianze tena.

"Mke wangu, mbona unasimama kama mtu aliyeitwa?" mumewe aliuliza.

Wiki ya sita, mjane wa fundi akaja dirishani kwenye maabara, ameshika kopo.

"Daktari alimkataza chumvi. Chakula kikawa hakimpiti. Nikamtafutia hii, nikaambiwa haina madhara. Dada, nieleze ukweli. Ndiyo iliyomuua?"

Rudia akasoma maandishi ya kopo. Ilikuwa chumvi ya potasiamu. Akamkaribisha ndani, akampa kiti.

"Mwishoni kabisa mwa vifereji vya figo," akaeleza, "kuna seli zenye milango midogo mno. Potasiamu ya ziada hutokea hapo kwenda kwenye mkojo. Figo za mumeo zilishachoka, na kidonge alichopewa cha kutoa uvimbe hupunguza milango inayofunguka."

"Kumbe nilikuwa najaza nyumba isiyo na pa kutokea."

Hapo Rudia angeweza kunyamaza. Mwenzake alishajihukumu, mzigo ulishapata wa kuubeba.

"Dada, damu yake niliishika akiwa hai. Namba niliiona. Nikaitilia shaka, nikaikataa, daktari nisimwambie."

Mjane akamtazama. "Ilikuwa saa ngapi?"

"Saa nne kasorobo."

"Saa nne kasorobo alikuwa ananiuliza nimeiweka wapi miwani yake."

Akaondoka bila kuaga.

Wiki hiyohiyo Rudia aliandika taarifa kwa mkono wake, akaipeleka kwa mganga mkuu. Alipewa onyo, na utaratibu ukabadilishwa: namba ya hatari humfikia daktari kwanza, shaka baadaye. Fundi hakuacha kumjia.

Mwaka uliofuata alijikuta nyuma ya mjane kwenye foleni ya posta. Akataka kuondoka. Mjane akageuka.

"Sijakusamehe," akasema taratibu. "Lakini niliuliza watu wengi, na ni wewe tu uliyeniambia."

Kisha akaitwa dirishani, akaenda.