Mikono ya Koleo

Kwenye kiwanda kidogo cha mikate walimwita Koleo, kwa sababu donge la unga lililowatoa jasho wanaume wawili yeye alilinyanyua kwa mkono mmoja huku akipiga soga. Mikono yenyewe ilikuwa mikubwa, hakuna cha kuficha. Pete yake ya uchumba ilirudishwa kwa sonara mara mbili. Na kila picha ya familia ilipopigwa, mama yake alimnong'oneza, "Weka mikono nyuma, mwanangu."

Jioni alicheza mpira wa mikono, na humo ndimo roho yake ilimokuwa. Sasa timu ya taifa ilikuwa inachagua wachezaji, naye umri ulikuwa unamtupa mkono. Akikosa safari hii, basi tena.

Siku ya vipimo ukumbi ulijaa mabinti warefu wa kuinama mlangoni. Walipimwa kimo, uzito, mapaja, hadi mikono iliyonyooshwa ncha kwa ncha. Koleo alikuwa amezifunga nywele utosini makusudi. Daktari wa timu, mama mcheshi, alizibonyeza kwa kibao cha kupimia.

"Dada, hizi hazirushi mpira."

Watu wakacheka, Koleo akarudi kwenye ufupi wake. Tumaini lilibaki kwenye kipimo cha mwisho, kushika mpira kwa juu, kiganja kikitazama chini, huku kocha akiuvuta.

Kocha alivuta weee, mpira haukutoka. Akaridhika. "Haya, achia."

Koleo akafungua vidole. Mpira ukabaki unaning'inia kiganjani.

Kocha akainama kuchungulia. Ilikuwa gundi, ile wanayojipaka wachezaji ili mpira usiteleze.

"Binti, unatufanyia mazingaombwe?"

"Samahani, kocha. Ni mazoea tu. Nikiuona mpira, mkono unakwenda kwenye kopo wenyewe." Aliona nafasi yake ikimponyoka kwa ujinga wake mwenyewe.

"Kanawe. Urudi."

Gundi ile haiogopi maji, kwa hiyo alijisugua kwa mafuta, kisha sabuni. Alirudi na vidole safi, vyenye utelezi kidogo. Akaushika mpira. Kocha akavuta, akakaza miguu, filimbi ikamcheza kifuani. Aliyeachia kwanza ni kocha.

Daktari alipima kiganja kilichotanuliwa, kuanzia dole gumba hadi kidole cha mwisho. Kilikizidi hata cha golikipa.

"Huyu acheze mbele ya goli, kwenye msongamano," kocha alisema akijikanda bega. "Ufupi atapitia nao chini ya makwapa ya wapinzani."

Koleo alilia na kucheka kwa pamoja, bila aibu.

Siku timu ilipopigwa picha, mama yake aliwahi mapema na kusimama kando ya mpiga picha. Wachezaji wakajipanga. Koleo, kwa mazoea yaleyale, akaweka mikono nyuma.

"Itoe mbele, mwanangu," mama alisema, mstari mzima ukasikia. "Waione."