Alimzika Mama, Kumbe Alikuwa Akimlisha Maabarani

Saa mbili asubuhi. Fundi wa maabara anainamia hadubini, pumzi kaibana. Kwenye kisahani, seli hai zimekwisha kumeza chembe za dhahabu, ndogo kiasi kwamba vumbi mbele yake ni mlima. Anazimulika kwa leza. Mwanga unarudi, mashine inauchambua, michirizi inachomoza kwenye kompyuta.

"Nne nukta nane," anasema. "Hicho ndicho kipimo cha asidi iliyomo ndani ya seli. Dawa ikiiingia, namba inabadilika."

Wenzake humwita Bi Taratibu. Kwa miaka tisa amezilisha na kuzipima seli hizihizi za saratani, zinazogawanyika bila kukoma. Alizijua kwa namba tu.

Mwezi uliopita friji kuu iliharibika. Akihamisha vichupa, ilibidi alinganishe lebo na daftari la zamani. Mbele ya namba ile palikuwa na namba ya faili la mgonjwa. Aliitambua.

Alikuwa ameibeba namba hiyo kwenye kadi ya kliniki miaka miwili, akimpeleka mama yake kutibiwa, hadi mama alipofariki, kabla yeye hajaanza kazi hapa.

"Nilimzika mama kwa mikono hii," anasema. "Kumbe kila asubuhi namlisha!"

Mkuu wa maabara alipekua makabati, akatoa fomu ya idhini ya kutumia seli hizo. Chini yake, alama ya dole gumba.

"Mama hakujua kusoma. Alipotoka chumba cha daktari aliniambia ametia dole kwenye karatasi ya kipimo. Basi. Mimi nilikuwa benchi la nje, hakuna aliyeniita."

Siku nne hakukanyaga kazini. Aliyemrudisha ni dada yake mkubwa, aliyetaka kujionea mwenyewe. Dada alichungulia hadubini, kisha akaguna: "Mama huyu! Hata huku hajui kutulia."

Wakacheka, machozi yakiwachuruzika.

"Mdogo wangu," dada akasema, "kama ni kupimwa, bora apimwe na wewe."

Mkuu aliomba radhi. Fomu mpya iliandikwa. Dada akaisoma kwa sauti, mstari kwa mstari, ndipo wakasaini.

Sasa Bi Taratibu ameruhusiwa kukaa na wagonjwa kila Jumatatu, kabla hawajakatwa kinyama cha kupimwa. Anaanza wiki ijayo, na maneno anayo tayari.

"Nitamwambia mtu hivi: kipande hiki huenda kikaishi muda mrefu kuliko wewe. Unakubali?"