Nyota Kabla ya Mvua

Miaka arobaini ya kuezeka mapaa, Mzee Bati alizijua nyumba za watu kwa juu zaidi kuliko kwa ndani. Magoti yalipomsaliti akashuka ngazi kwa mara ya mwisho, na tangu hapo kazi yake ikawa kukaa kibarazani na kununa, akitazama mapaa ya mtaa yanavyoezekwa hovyo. Sasa zamu ikamfikia yeye. Bati la juu ya kitanda cha mkewe lilikuwa limeliwa na kutu, na mkewe alikuwa amevunjika nyonga, hageuzwi bila kulia.

"Nimepata fundi, baba," binti yake alisema, macho kwenye simu. "Yumo kwenye kundi la mtaa. Ana nyota tano. Watu ishirini na sita wamemsifu."

"Watu gani?"

"Majirani, baba."

"Wamemsifu kwa lipi?"

Binti akasoma. Mmoja kaandika fundi ni mcheshi. Mwingine, fundi ana heshima. Watatu walichora dole gumba tu.

"Namtaka fundi wa paa, wewe unaniletea mchumba," mzee akafoka.

Fundi alikuja saa aliyoahidi, jambo ambalo mzee alilikubali shingo upande. Mbao alichagua nzuri. Lakini mchana mzee alipanda juu ya kiti, akachungulia ukingo wa paa, na damu ikamchemka.

"Wewe bwana! Misumari unaipiga bondeni?"

"Ndiyo, mzee wangu. Hapo bati linagusa mbao, linashika barabara."

"Na maji yanapita wapi?"

"Kuna mpira chini ya kofia ya msumari. Mambo yamebadilika."

"Na mvua nayo imebadilika? Siku hizi inapita mgongoni?"

Fundi akacheka kwa adabu, akarudisha vidude vyake vya muziki masikioni. Bati la mawimbi lina migongo na mabonde; maji hushuka kwa bonde, msumari hupigwa mgongoni. Zamani hata mwanamke aliyeleta maji ya kunywa pale kazini alilijua hilo.

Jioni, ngazi bado imeegemea ukuta, fundi alimwonyesha binti mahali pa kubonyeza kwenye simu. Binti akabonyeza. Nyota tano.

"Umesifu nini?" mzee alimuuliza binti, fundi alipokwisha ondoka. "Imenyesha?"

"Baba, ni ustaarabu tu. Alikuwa amesimama hapo."

Ustaarabu! Enzi za Mzee Bati, paa likikamilika hakuna aliyefungua mdomo. Mwenye nyumba alisema, "Tutaonana mvua," basi. Mvua ya kwanza ikianza kunguruma, fundi aliacha chochote alichokuwa akifanya, akaenda kwenye nyumba ile, akaketi katikati ya chumba na wenyewe, wote wanatazama juu. Pakiwa pakavu, jina lake lilitoka kwenye chumba kile na kutembea mtaani lenyewe. Tone likidondoka, alilikinga kwa kiganja, na hakuna aliyehitaji kumwambia neno. Mzee alikaa mvua nyingi hivyo. Kuna nyumba moja watoto walikua wakidhani yeye ni mjomba wao. Leo mvua inamkuta fundi yuko paa la mtu mwingine, anakusanya nyota.

Ilinyesha siku ya tisa, alasiri. Tone la kwanza lilidondoka miguuni pa mkewe, la pili likapata mto. Kitanda kilikuwa cha mbao ngumu. Baba na binti walikisukuma, mgonjwa akapiga yowe, wakaacha. Wakamfunika turubai. Binti alimpigia fundi simu mara kumi na moja. Haikupokelewa.

Asubuhi mzee akachukua fimbo akaenda kwa hao waliosifu. Wa kwanza alikuwa mshonaji wa nguo, nyumba ya tatu. Cherehani yake ilikuwa imehamishiwa mlangoni, na katikati ya sebule kuna beseni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mbona ulitoa nyota tano?"

Mshonaji akatazama beseni, akatazama miguu yake. "Nilizitoa siku ile ile. Halafu ikavuja, nikaona aibu. Watu wangeniuliza mbona nilisifu."

"Kwa hiyo ukaninyamazia mimi nilowe?"

"Nisamehe, baba yangu. Hata dada yangu amesifu, na nyumba yake ni ya kupanga, fundi huyo hajawahi kugusa bati lake."

Mzee alirudi nyumbani. Akamketisha binti, akamtajia maneno moja moja:

"Fundi huyu hufika kwa wakati. Mbao huchagua nzuri. Uwanja aliufagia. Misumari aliipiga bondeni, akaambiwa, akacheka. Paa linavuja sehemu sita, na simu hapokei."

"Baba, utamharibia kazi. Tuandike tu kwamba hatukuridhika."

"Hiyo ni kununa, si habari. Andika nilivyosema, na mazuri yake usiyaache. Na nyota zako zifute."

Binti akaandika. Haikupita nusu saa, chini yake mshonaji akaongeza: "Na kwangu pia." Kisha wa tatu. Kisha wa saba. Fundi asiyepokea simu akafika mbio, shati limelowa jasho.

"Mzee, umenimaliza! Nina watoto mimi!"

"Na mimi nina mke chini ya turubai. Tulipokuita kwa simu ulikuwa kiziwi. Nyota zimepungua, masikio yamefunguka?"

"Futa kwanza, nitarekebisha."

"Sifuti hata nukta. Ng'oa misumari, ziba matundu kwa lami, piga mgongoni. Ikinyesha pakawa pakavu, nitaliandika na hilo."

"Na nisipopanda?"

"Basi nitakuja kukaa mbele ya kila nyumba unayoegemeza ngazi."

"Baba, punguzeni sauti," binti alisihi.

"Punguza wewe! Mliosifu kwa ustaarabu ndio mliotufikisha hapa!"

Fundi naye akapaza sauti, mzee akainua fimbo, majirani wakaanza kuchungulia. Ndipo sauti ya mgonjwa ikatoka chumbani, kavu kuliko kitu chochote mle ndani.

"Mume wangu, huyo si ndiye fundi?"

"Ndiye."

"Basi mwache apande kungali na jua. Mtagombana akiwa juu."