Pikipiki Ile Ilikuwa ya Mama

Mwezi uliopita tulimzika baba mdogo, na mimi nilikwenda kama inavyonipasa. Nilipanda basi kutoka Mbeya hadi Kyela, kisha bodaboda mpaka kijijini kwetu, ukishaipita Ipinda kuelekea ziwani. Nilikuwa nimejiandaa kukaa kimya. Marehemu ni marehemu, nilijiambia, nitatoa rambirambi yangu, nitakula wali wa msiba, nitarudi zangu kazini. Wewe unanijua, nikiamua jambo huwa najitahidi. Lakini wasifu ulipoanza kusomwa, msemaji wa ukoo akasema marehemu alijaliwa sikio la pikipiki, kwamba kelele iliyowashinda mafundi yeye aliitambua, na kwamba alimtunzia kaka yake mali mpaka mwisho.

Nilimtazama mama. Alikuwa amekaa kwenye mkeka na akina mama wenzake, miguu ameinyoosha, anatazama mbele tu. Mimi nilitetemeka mpaka jirani aliyekaa nami akanishika mkono, akidhani ni uchungu wa kufiwa. Uchungu gani! Zilikuwa hasira, tena bado ninazo, ndiyo maana nakusimulia.

Mali yenyewe inayosemwa ni pikipiki, na pikipiki ile haikuwa na mwenzake kuanzia Ipinda hadi Matema. Baba aliinunua ikiwa ya kawaida, zile za Kichina, halafu akaona haimtoshi. Akavikata vyuma viwili vinavyoshika tairi la nyuma, akachomelea vipande vya chuma cha kitanda katikati, tairi likasogea nyuma karibu hatua nzima. Akaweka keria ya kupanga magunia ya mpunga. Akafunga spoketi kubwa nyuma, lile gurudumu la meno linalovutwa na cheni, ili ipate nguvu kwenye matope. Cheni moja haikufika tena, kwa hiyo akaunga mbili. Ilitoka ndefu mpaka watu wakaiita Mtumbwi.

Mama ndiye aliyemshikia vyuma wakati anachomelea, na baba ndiye aliyemfundisha kuendesha, pale kwenye uwanja wa mpira wa shule. Wanawake wa kijijini kwetu hawakuendesha pikipiki enzi hizo. Wanaume walikaa pembeni ya uwanja kumcheka, wakacheka mpaka wakachoka, mama akaendelea kuzunguka. Baba alipougua na kushindwa hata kukaa, mama akaushika Mtumbwi, na sisi tukaendelea kula. Siku chache kabla ya kufariki, baba alimwambia bibi, yaani mama yake mzazi, mimi nikiwa nimekaa palepale kitandani: "Mtumbwi ni wa mama yao hawa." Bibi akaitikia kwa kichwa. Nilimwona kwa macho yangu.

Jumamosi ndizo zilikuwa siku zangu. Mama alifunga magunia na madumu ya mawese kwa mipira, akanipandisha juu kabisa, nikaona dunia yote: milima upande wa ziwa, mpunga ulioanikwa kwenye mikeka kando ya barabara, kuku wakifukuzwa. Kwenye nyumba za wenye kakao ulikupata ule uchachu wa mbegu zilizofunikwa kwa majani ya migomba, harufu inayokaa kwenye nguo mpaka jioni. Watoto walikimbia nyuma yetu wakipiga kelele, "Mtumbwi huo! Mtumbwi huo!" Wakubwa walisalimia "Mugonile!" na mama akajibu bila kuachia klachi. Ipinda nilinunuliwa kitumbua cha moto. Tukirudi tulimkuta bibi amepika mbalaga, ndizi zimelainika kwenye maziwa, au mbasa wa ziwani kwa mawese, na tulikula mpaka vidole vikawa rangi ya chungwa. Bibi alinipa kichwa cha samaki kila mara, na nilimpenda sana bibi. Lielewe hilo kabla sijafika mbele.

Sasa, kwetu mali ya mtu aliyekufa ilikuwa inamtazama mdogo wake. Baba mdogo alianza kuja kwetu mara kwa mara, anauzunguka Mtumbwi, anabonyeza tairi kwa kidole gumba kama mtu anayenunua papai. Siku moja akauazima kwenda kubeba kakao. Aliurudisha kesho yake jioni, cheni imepakwa mawese tele. Hilo halikumshangaza mtu. Kila mwenye pikipiki kwetu alipaka mawese kwenye cheni, maana mawese yapo nyumbani na mafuta ya dukani ni ya kununua. Yanashika mchanga na pumba za mpunga, yanakuwa uji mweusi mgumu, cheni yenyewe huioni tena. Watu walijua kwamba inakula cheni, na waliendelea kupaka.

Jumamosi iliyofuata, mama alipoondoka na mzigo, Mtumbwi ukatoa sauti. Kak. Kimya kidogo. Kak. Kimya tena. Nilikuwa juu ya magunia na niliisikia hadi kwenye mifupa ya makalio.

Tukaipeleka kwa fundi wa Ipinda. Akaiwasha ikiwa imesimama, akapiga resi, akainamisha kichwa kama daktari. "Mama, hiyo ni injini. Tuishushe tuifungue."

"Injini inazunguka mbio," mama alisema. "Hii inakuja, inakaa, halafu inakuja tena. Huifungui."

Fundi alinuna. Lakini balaa halikuwa kwa fundi, lilikuwa kwa baba mdogo. Alikuja nyumbani, akaomba aijaribu mwenyewe, akaipanda peke yake na kuzunguka uwanja wa shule mbele ya watu. Kimya. Haikutoa hata mlio. Kesho yake mama akapita na magunia mbele ya watu walewale: kak, kak, kak. Baba mdogo akatikisa kichwa kwa huzuni ya kuigiza.

"Shemeji," alisema kwa sauti ya kusikika mpaka mashine ya kukobolea, "mimi nikiipanda inanyamaza. Wewe ukiipanda inalia. Hiyo si kelele ya chuma. Kaka hataki."

Unaona ubaya wake? Kijiji kizima kikapata cha kusema. Wateja wa mama wakaanza kutafuta pikipiki nyingine za kubeba mpunga wao. Na mimi, niliyekuwa darasa la nne, nikaacha kupanda juu ya magunia. Nilisingizia tumbo. Ukweli ni kwamba kila "kak" niliisikia kama baba anagonga kutoka kule alikolala, amekasirika. Baba aliyekuwa ananibeba mabegani nikaanza kumwogopa. Mengine yote ningeweza kumsamehe yule mtu, lakini si hilo.

Wazee wa ukoo wakakaa. Wakasema jambo hili ni zito, afadhali chombo kiende kwa wanaume. Mama akaomba wiki moja. Wakampa, nadhani kwa sababu hawakuona mwanamke ataifanyia nini.

Alianza na kitu ambacho wanaume wote wale hawakukifanya. Alishusha magunia. Akaendesha hadi barabarani na kurudi: kimya. Akapakia magunia: kak. Akashusha tena: kimya. Akanitazama na kutabasamu kwa mara ya kwanza tangu msiba wa baba.

"Haimkatai mtu," alisema. "Inasikia mzigo. Baba yako mdogo ameibebesha nini? Makalio yake tu."

Nilicheka mpaka nikalia. Basi akaipandisha pikipiki juu ya kinu kilicholazwa, tairi la nyuma likaelea. Akafunga uzi mwekundu wa kushonea kwenye cheni. Akaingiza gia ili injini iwe nzito kugeuka na cheni ikaze kama imebeba mzigo, kisha akaanza kulivuta tairi kwa mikono yake miwili, misuli imemtoka. Kazi yangu ilikuwa kuuangalia uzi. Tairi likazunguka mara ya kwanza, hakuna kitu. Likazunguka tena, likazunguka tena, ndipo "kak!", na uzi ulikuwa pale mbele, unaingia kwenye spoketi ndogo ya injini. Akavuta tena kwa muda mrefu, cheni ile ndefu ikatembea mzunguko wake wote. Uzi uliporudi mahali pale, "kak!" Nikapiga kelele, "Palepale, mama!" "Basi ni cheni," alisema. Alikaa chini kwenye vumbi, akajifuta uso kwa kanga.

Halafu akaleta mafuta ya taa na gunzi la muhindi, tukaisugua cheni mpaka uji ule mweusi ukatoka wote. Baba aliunga cheni mbili, kwa hiyo ilipaswa kuwa na viungio viwili, na mama aliijua kazi ya mume wake. Tulikuta vinne. Katikati ya vile viwili vya ziada kulikuwa na kipande kifupi cha cheni nyingine, kuukuu, pingili zake zimelegea na kutanuka, zinacheza ukizishika. Cheni ikivutwa na mzigo, pingili hizo hazikukaa kwenye meno. Zilipanda juu, zikadondoka, zikalia. Ilikuwa imekatika siku ile baba mdogo alipouazima Mtumbwi. Akaiunga kwa takataka alizookota kwa fundi fulani, akafunika kwa mawese, akanyamaza. Kisha akaja kutuambia ni baba anayelia.

Mama alikwenda Ipinda, akarudi na kipande kipya, akakifunga. Akapakia magunia yote, akaniambia panda. Nikapanda. Tulikwenda mpaka ziwani na kurudi, na niliyosikia ni injini, upepo, na mama akiimba wimbo wa kanisani kwa sauti mbaya. Usiku ule nililala bila kujifunika kichwa.

Jumapili baada ya ibada wazee wakakaa nyumbani kwa bibi. Mama akaweka kile kipande kuukuu juu ya mkeka, mbele yao, akaeleza yote kwa utaratibu, bila kupandisha sauti. Wakakipokezana. Wakazichezesha pingili. Baba mdogo alikuwa anaangalia vidole vyake vya miguu.

"Ilikatika, nikaiunga," alisema mwishowe. "Sasa kosa liko wapi?"

Wazee wakakitazama tena kile kipande. Nilidhani wanakasirika. Mimi nilikuwa mlangoni na moyo unanidunda kwa furaha, nasubiri wamwambie mwongo mkubwa we, toka hapa. Aliyesema ni bibi. Alimshika mama mkono, akamshukuru kwa upendo kabisa, naapa ulikuwa upendo.

"Ndaga fijo, mwanangu. Umeiponya. Sasa haina tatizo tena. Mpe shemeji yako."

Wazee wakaitikia kwa vichwa, wameridhika, kama watu waliomaliza kazi nzuri. Kelele haikuwahi kuwa shauri lao. Ikilia, ilikuwa ya baba mdogo. Ikinyamaza, ni ya baba mdogo. Mama angeweza kuwaletea malaika shahidi, na bado ingekuwa ya baba mdogo. Bibi aliyemsikia mwanawe akisema Mtumbwi ni wa nani, bibi wa vichwa vya samaki, alikuwa bado amemshika mama mkono.

Mama akauondoa mkono wake taratibu. Akaomba spana. Akatoka nje Mtumbwi ulipoegeshwa, akapiga magoti kwenye mavumbi na gauni lake la kanisani, akakifungua kile kipande kipya, akakifunga kile kuukuu, wazee wakimtazama.

"Hiki nimenunua mimi," alimwambia baba mdogo, akikifunga kwenye ncha ya kanga. "Hicho ni chako. Usibebe mzigo nacho."

Akabeba, bila shaka. Aliwapakia wazee wawili palepale, na akaondoka nao mbele ya watu wote waliotoka kanisani, kak, kak, kak, na hakuweza kumlaumu mtu. Cheni ikakatika kabla msimu wa mpunga haujaisha. Hakuitengeneza. Mtumbwi ukaegeshwa chini ya mikakao yake mpaka majani yakaufunika. Mama akarudi kubeba mawese kichwani. Mimi nikaanza kukataa kichwa cha samaki, bibi akauliza kama ninaumwa.

Sasa hivi ukienda Kyela mjini unawaona wasichana wanaendesha, wanapishana na malori, hakuna anayekaa pembeni kuwacheka. Nafurahi kwa ajili yao, kweli. Kesho yake baada ya kumzika yule mtu, nilimchukua mama nikampeleka kwenye duka la pikipiki. "Chagua," nikamwambia. "Kadi itaandikwa jina lako, na atakayekuja kuiulizia aje kwangu kwanza."

Mama alizipitia taratibu. Akasimama kwenye moja nyekundu, akaipanda, akaikusanya kanga yake vizuri. Akabana klachi. Mguu wake wa kushoto ukaitafuta gia wenyewe, ukaipata. Alikaa pale muda, anatazama mbele kama alivyotazama siku ya msiba. Kijana wa duka akaanza kumweleza habari za kuwasha, nikamwambia anyamaze.

Akashuka. Akaipangusa siti kwa ncha ya kanga, kama mgeni aliyekalia kiti cha watu.

"Ndaga, mwanangu," alisema. "Mimi nilikuwa naitaka kwenye ile miaka yenyewe."